Lori Bila Nyumba Yake, na Mama Mkwe Nyuma

Niliondoka Élisabethville kwa sababu mbili. Moja iliandikwa kwenye karatasi, na nyingine haikuandikwa popote.

Ile ya karatasi ilikuwa hivi. Miaka ile nilikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja mpima barabara, ambaye watu wote walimwita Bwana Kamba, kwa sababu ya kamba ya chuma aliyoivuta porini kutwa nzima kana kwamba nchi ingemtoroka. Bwana Kamba na mkewe hawakulala katika hema. Walilala katika ruloti, yaani nyumba ya bati yenye magurudumu manne, vitanda viwili, jiko la mafuta na mapazia ya maua. Nyumba hiyo ilikokotwa na lori zito la Kimarekani lenye kitanda kifupi cha kupakia mizigo nyuma ya kabini na kulabu ya chuma nene kama mkono wangu. Mimi, Ferdinandi, ndiye niliyeliendesha. Nilijivuna sana. Niliwaambia watu wa mtaa wetu, cité Albert, kwamba nikikata kona, kahawa ya Madame haimwagiki kikombeni. Sikuwahi kuingia ndani kuhakikisha, lakini nani angenibishia?

Basi sanduku la gia likaharibika tukiwa mjini. Bwana Kamba hakutaka kungoja. Akaazima lori jingine, likamvutia nyumba yake hadi kambi mpya mbele ya Kasomeno, kando ya njia ya Pweto, kisha lori hilo likarudi kwa wenyewe. Langu lilipopona, nikaletewa karatasi: dereva alipeleke lori kambini, tupu, bila abiria wala mzigo, afike kabla ya Ijumaa jioni, maana mvua zilikuwa karibu na Bwana Kamba alitaka kuhama kabla udongo haujalainika. Kwa mara ya kwanza ningeliendesha lori lile bila nyumba nyuma yake. Nilicheka. Nilidhani nimepewa mapumziko.

Sababu ya pili ilikuja Jumatano jioni, na dereva wa lori la samaki kutoka Kasenga. Alisimama mbele ya mlango wangu akinuka samaki na kuniambia, bila hata kukaa, "Ferdinandi, bibi yako Marselina, kule kwa kambo yake pa Kasomeno, tumbo imeanza kumuluma mbele ya siku. Anasema mama yake akuye. Akuye mbio."

Mke wangu Marselina alikuwa amekwenda kumwona kambo wake, yaani bibi yake mzaa mama, na ilikuwa bado mwezi na zaidi kabla ya siku zake. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Nilinyakua funguo za lori. Kisha nikakumbuka kwamba "mama yake akuye" maana yake ni mama mkwe wangu, Mama Ngoie, na kwamba njia pekee ya kumfikisha Kasomeno kesho yake ilikuwa lori langu. Nikazirudisha funguo mezani.

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa nyumbani mnajua ninachosema. Kwetu, na kwao pia, mwanaume hamwangalii mama mkwe wake usoni, hali chakula naye, na hasemi naye mpaka mtoto azaliwe na zawadi zipite. Nilikuwa na miaka mitatu katika ndoa. Mama Ngoie nilimjua kwa kitenge chake, kwa sauti yake nyuma ya ua, na kwa ukubwa wake, ambao ulionekana hata kwa mtu anayetazama chini.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, cité Albert. Nilikuwa nimemtumia habari usiku, na Mama Ngoie alinitangulia. Alikuwa amesimama njiani na mkeka, kuku mmoja na kikapu, mgongo wake ukiniangalia kwa heshima zote. Pamoja naye alikuwa katekista Mikaeli, jirani yake, mzee mwembamba mwenye kofia, aliyekuwa akienda Minga kuwafundisha watu wa ubatizo. Nilishukuru Mungu. Mikaeli angekaa kabini pamoja nami, Mama Ngoie angekaa nyuma kwenye kitanda cha lori chini ya turubai, na maneno yetu yangepita kwa katekista kupitia kidirisha cha nyuma.

"Ambia Mama apande," nilimwambia Mikaeli.

"Mama, anasema upande," Mikaeli alisema, ingawa Mama Ngoie alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu.

"Muulize kama hii kamyo yake iko muzima," mama mkwe alisema.

"Anauliza kama iko muzima."

"Mwambie inatoka garaji jana."

"Njo vile naogopa," alisema Mama Ngoie, yaani hiyo hasa ndiyo sababu ya woga wake, na hilo Mikaeli hakulifasiri.

Saa moja, tulipoyaacha nyuma mashimo ya machimbo ya shaba ya Kalukuluku na lami ikaisha, ndipo nilipoanza kujifunza kazi yangu upya. Lori lile lilitengenezwa kubeba uzito mgongoni. Springi zake za nyuma za chuma, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilikuwa ngumu kwa ajili ya nyumba nzima yenye jiko na vitanda. Bila nyumba hazikupinda hata kidogo. Kila shimo lilitufikia juu kama lilivyo. Barabara ya Kasenga, kwa kuchakazwa na malori ya samaki, ilikuwa na mikunjo ya kukingama kama bati la kuezekea, na kila mkunjo ulipiga nyuma ya lori teke. Mbele mimi na Mikaeli tulitetemeka meno. Nyuma nilisikia kuku akilia, kisha kikapu kikianguka, kisha kitu kizito zaidi kikianguka.

Mikaeli alisikiliza kidirishani. "Mama anauliza kama unamuchukia."

"Mwambie hapana! Mwambie ni kamyo, haina nyumba nyuma!"

Akasikiliza tena. "Anasema yeye pia haiko nyumba. Anaomba uendeshe kama kuko muntu."

Nilipunguza mwendo. Lakini mazoea ni kitu kigumu. Katika kila kona nilitoka upande wa pili wa njia kabisa, ili nyumba isiyokuwepo isigonge mti. Kwenye daraja la magogo nilisimama, nikashuka, nikapima kwa hatua kama magurudumu ya ruloti yatapita, kisha nikakumbuka. Mikaeli, ambaye alikuwa na subira ya kufundisha watu wazima sala, aliniangalia kutoka kabini na kuuliza kwa upole, "Unapima nini, mwana wangu?"

"Napima daraja."

"Ah. Bon, vizuri. Inatosha?"

"Inatosha," nilisema, nikapanda.

Saa tatu, kwenye kizuizi. Askari mmoja kijana alikuwa na kalamu na kitabu kikubwa. Alisoma karatasi yangu polepole, akidonoa kila neno kwa kidole. Tupu. Bila abiria. Bila mzigo. Akatazama kabini, akamwona Mikaeli. Akazunguka nyuma, akainua turubai, akamwona Mama Ngoie akiwa amekaa juu ya mkeka na kuku kifuani.

"Na ule mama ni nani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe alinitangulia. "Mimi niko mama mukwe yake. Binti yangu anazala pa Kasomeno. Andika vile mu kitabu yako, asema Ferdinandi anabeba mama mukwe. Mukubwa yako atasoma, atajua yeye mwenyewe kama hakuna muntu anaendesha mama mukwe juu ya kutembea tu."

Askari alijaribu kubaki askari. Mdomo ukamshinda, akacheka mpaka akaegemea gurudumu. "Na huyu wa mbele?"

"Mimi niko napitisha maneno," alisema Mikaeli.

Aliandika kitu, sijui nini, akainua mti wa kizuizi. Nilipopita alinipungia mkono kwa huruma, kama mtu anayemsindikiza mwenzake jela.

Saa nne na nusu tukafika Minga. Mikaeli alishuka na mkoba wake. Watu wake wa ubatizo walikuwa wakimngoja chini ya kibanda cha nyasi. Nilimsihi aendelee nasi hadi Kasomeno. Nilimwambia roho zao zinaweza kungoja siku moja.

"Zao zinaweza," alisema, "lakini wanawake wao wamekwisha kupika." Kisha akasimama kati ya kabini na kitanda cha lori, akamgeukia mmoja, akamgeukia mwingine, akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Mama, Ferdinandi anakuheshimu. Ferdinandi, Mama anakuheshimu. Sasa hamuna tena neno la kusema mpaka kule. Mwende salama."

Tukaenda bila kusema, mwendo wa saa nzima. Nilijua Mama Ngoie yuko hai kwa sababu ya kuku tu.

Saa sita kasoro, kwenye mlima wa udongo mwekundu ambao malori ya samaki yalikuwa yameuchimba mifereji, mvua ya kwanza ya mwaka ilitukuta. Haikuja kwa manyunyu. Iliangushwa. Udongo ukawa sabuni kwa dakika chache. Nikaingiza gia ya pili, nikaukabili mlima kama nilivyoukabili mara nyingi na nyumba nyuma, na katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bila kwenda popote. Hayakuwa na uzito wa kuyakandamiza. Lori lenye nguvu ya kukokota nyumba lilikuwa likizungusha matope kama mwanamke anayekoroga bukari, ugali wetu. Nikakanyaga breki, na hilo likawa kosa kubwa: nyuma, kwa wepesi wake, ikajikunja pembeni na kuteleza polepole kuelekea mtaro, ikasimama mkia ukiegemea kichuguu kirefu kuliko kabini.

Nilishuka kwenye mvua. Mama Ngoie alikuwa ameshashuka. Tulisimama kila mmoja upande wake wa lori, na kati yetu hapakuwa na katekista. Nilijua kinachotakiwa. Nilitaka uzito juu ya ekseli ya nyuma, na uzito wa kwanza uliokuwepo pale ulikuwa mama mkwe wangu. Niambieni nyinyi, mtu anamwambiaje mama mkwe wake jambo hilo?

Gurudumu la akiba lilikuwa limefungwa ubavuni. Nikaligeukia.

"Wewe gurudumu," nilisema kwa sauti, "hii kamyo iko nyepesi sana ku nyuma. Kama kungekuwa muntu... muntu wa heshima... anaweza kukaa pale mwisho kabisa, juu ya chuma, pengine tungepanda."

Mvua ikapiga bati. Kisha sauti ya Mama Ngoie, upande wa pili, ikalijibu gurudumu.

"Gurudumu, ambia mwenye wako asema nimesikia. Na umuambie kama mu Élisabethville nzima hakuna muntu alisha kuniita muzito kwa heshima namna ile."

Akapanda, akakaa mwisho. Nikajaribu. Lori likasogea hatua tatu, kisha magurudumu yakazunguka tena bure. Hata yeye peke yake hakutosha, jambo ambalo nililiona ni afadhali nisiliambie gurudumu.

Ndipo tukaanza kazi. Mimi kwa koleo nilikivunja kichuguu, na udongo wa kichuguu mnajua ulivyo mgumu na mzito, kama matofali. Yeye alikitandaza kitenge chake cha juu, akakijaza mabonge, akayabeba na kuyamwaga kwenye kitanda cha lori. Mara ishirini, mara thelathini, sikuhesabu. Alikuwa mama wa watu wazima, amelowa, na ndani ya kazi yake hapakuwa na mzaha hata kidogo. Mara moja tu nilimsikia akijisemea, "Marselina, ngoja, mama anakuya." Baada ya hapo mimi pia niliacha kuona kichekesho katika mambo yale. Tulilaza matawi mbele ya magurudumu. Nikapanda kabini, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Lori likang'ata udongo. Likapanda. Karibu na kilele nilihisi mkia ukitaka tena kwenda pembeni, na mguu wangu, kwa woga, ukaenda kwenye breki.

"Ferdinandi!" sauti ilipiga kelele nyuma yangu. "Ondosha muguu pa freni! Acha iende!"

Niliuondoa. Likaenda. Tulipofika juu nilisimamisha lori, na ndipo sote wawili tulipoelewa kilichotokea. Alikuwa amenisemesha. Kwa jina langu. Moja kwa moja, na kwa ukali.

Alishuka, akazunguka mpaka mlango wa kabini, akasimama akiangalia porini. Maji yalikuwa yakimtiririka. "Bon," aliuambia msitu. "Mambo imekwisha kuharibika. Ku nyuma kuko matope. Nakaa hapa."

Akapanda akakaa pale alipokaa Mikaeli. Niliweka macho kwenye njia. Ni lazima niseme kwamba kati ya kazi zote za dunia, udereva ndio unaomfaa zaidi mtu aliyekaa na mama mkwe wake: hata akitaka kumwangalia, barabara haimruhusu. Na jambo jingine niliona. Kwa udongo ule wote nyuma, lori lilitulia. Halikuruka tena. Mikunjo ya njia tuliipita kama mtu anayepapaswa mgongo.

"Sasa iko inaenda kama motokari ya askofu," alisema baada ya muda, akikiambia kioo.

"Ni udongo," niliuambia usukani.

Saa nane, Kasomeno. Nyumba ya kambo wa Marselina ilikuwa nyuma ya soko, na kabla sijazima mota niliuona mlangoni uso wa masela, yaani mtawa, wa zahanati ya misheni. Haukuwa uso wa habari njema. Mama Ngoie alipita ndani bila kumsalimia mtu. Mimi nilibaki uani na kambo, bibi kizee mdogo kama kidole, ambaye hakujali miiko ya mtu yeyote.

"Njo wewe bwana ya mutoto wangu?" alisema akinipima kutoka juu mpaka chini. "Na nyumba iko wapi? Banasema unaendeshaka nyumba."

"Nimeiacha, kambo. Iko ku kambi."

"Banaume wote banaacha nyumba," alisema, akaingia ndani.

Mtawa alikuja kunieleza. Mtoto amekaa vibaya, miguu mbele. Pale hapakuwa na daktari. Daktari alikuwa Kasenga. Aliangalia lori langu. "Lakini katika kitu kile," alisema kwa Kiswahili chake cha misheni, "nimeona malori matupu yanavyoruka. Akirushwa tutampoteza, na mtoto pia."

Nilisimama pale na karatasi ya Bwana Kamba mfukoni. Njia ya kambi ilikuwa kushoto, saa moja tu. Njia ya Kasenga ilikuwa kulia, na ilikuwa mbali zaidi, na mbingu ilikuwa nyeusi. Nikienda kulia, mvua ingeweza kunizuia kufika kambini kabla ya Ijumaa jioni. Sitasema uongo kwamba niliwaza sana. Niliwaza kidogo, na aibu ya kidogo hicho ninayo mpaka leo. Kisha Mama Ngoie akatoka mlangoni.

"Si tupu," alimwambia mtawa. "Iko na udongo. Nimebeba mimi mwenyewe. Tuongeze muchanga, tuweke magodoro, itakuwa kitanda." Akanigeukia, macho yake kwenye viatu vyangu, kwa sababu heshima haikuwa imekwisha yote. "Na upepo ya mapira, unaweza kupunguza?"

Naam, ningeweza, na mimi dereva sikuwa nimelifikiria. Nililegeza upepo wa magurudumu ya nyuma mpaka yakakaa chini kama matandiko. Majirani walileta mchanga kwa makarai, wanawake kwa wanaume, mpaka kitanda cha lori kikajaa nusu. Juu yake magodoro mawili na mkeka. Tulimbeba Marselina kwa shuka. Alikuwa na jasho, midomo imekauka, lakini aliponiona akasema, "Umeleta mama?"

"Yeye njo ameniletesha mimi," nilijibu.

Saa tisa tuliondoka. Mtawa na Mama Ngoie walikaa nyuma naye chini ya turubai. Tulipatana hivi: mama mkwe akigonga paa la kabini mara moja, nipunguze, mara mbili, niende, akigonga mfululizo, nisimame. Sijawahi kuendesha namna ile kabla wala baada. Kila jiwe niliona jina lake. Kila shimo nilizunguka. Nilisahau nyumba ya bati, nilisahau kahawa ya Madame. Nilisikiliza paa tu. Gonga moja. Gonga mbili. Mara moja aligonga mfululizo, tukasimama katikati ya pori, nikashika usukani kwa mikono yote miwili na kuomba maneno ambayo Mikaeli asingeyatambua. Marselina alilia, kisha akanyamaza. Gonga mbili. Tukaenda.

Malori mawili ya samaki yalitukuta yakija. Madereva walinifahamu. Wa kwanza alipiga honi na kunikejeli kwa mwendo wangu wa kinyonga. Wa pili alichungulia, akaona turubai na uso wa mtawa, akaingiza lori lake lote majanini kunipisha, akavua kofia mpaka tukapita.

Jua lilikuwa bado juu ya miti kwa urefu wa kidole tulipouona mto Luapula na mapaa ya Kasenga. Daktari alikuwa kwenye kibaraza akinywa chai. Aliiacha chai. Nilikaa juu ya ngazi ya lori, mchanga umejaa viatuni, na nikasikia vilio vya mke wangu kutoka dirishani, kisha sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu asiyependa alikoletwa.

Mama Ngoie alitoka na kitu kilichofungwa katika kitenge kile kile cha udongo, ambacho alikuwa amekifua haraka na hakijakauka vizuri. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Marselina iko muzima," alisema. "Mutoto ni mwanamuke. Shika."

Kumpokea mtoto huwezi ukiwa unatazama viatu. Niliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikamwona mama mkwe wangu. Alikuwa na mwanya kati ya meno ya mbele. Marselina anao ule ule. Sikujua ulitoka wapi.

"Usiniangalie sana," alisema, "bado haujaleta kuku." Na akacheka, kisha akakaa chini pale pale kwenye ngazi na kulia.

Ijumaa mvua haikuacha. Kijito kati ya Kasenga na Kasomeno kilifurika, na mimi nikakaa upande usiofaa, nikila samaki pamoja na mama mkwe wangu, kila mmoja akitazama sahani ya mwenzake. Nilinunua kuku sokoni asubuhi na mapema. Alimpokea, akampima kwa mkono, akasema ni mwembamba lakini atakubaliwa.

Jumamosi maji yalishuka. Nilimwacha Marselina na mtoto na mama yake chini ya macho ya daktari, nikarudi Kasomeno na kushika njia ya kambi. Mchanga sikuumwaga. Nilifika saa nane mchana, siku moja nyuma ya karatasi. Ruloti ilikuwa imezama matope mpaka kwenye ekseli, na Madame alikuwa ameketi mlangoni kwake, miguu ndani ya beseni. Bwana Kamba alikuja akiwa mwekundu.

"Huu mchanga ni nini?" aliuliza.

Nilimweleza yote: mke, mtoto, Kasenga. Alisikiliza, nadhani. Madame aliuliza kama ni mvulana au msichana. Lakini Bwana Kamba alikuwa mtu wa vipimo, na siku moja ilikuwa imepungua katika vipimo vyake. Aliomba kitabu changu cha kazi, kile ambacho kila mwajiri aliandika neno lake na dereva alikibeba maisha yake yote, akaandika mstari mmoja kwa Kifaransa na kunirudishia bila neno. Kisha tukaifunga nyumba kwenye kulabu. Kwa mchanga ule nyuma, lori liliing'oa matopeni kwa jaribio la kwanza. Hilo hakuliandika.

Tulirudi Élisabethville baada ya juma moja, nyumba nyuma yangu, kona zikikatwa kama zamani. Nilikuwa na miaka mingi mbele ya kuendesha, na nilijifunza katika siku zile tatu mambo ambayo garaji haikunifundisha: kwamba lori la kukokota likiwa tupu ndilo la kuogopwa zaidi; kwamba mguu unaokimbilia breki ni mguu wenye woga; kwamba mzigo ukiwekwa mahali pake humtuliza anayeubeba. Na nilijifunza kula na mama mkwe wangu. Alikufa akiwa mzee sana, na mpaka mwisho alipopanda gari langu aligonga paa mara mbili ndipo niondoke.

Kitabu cha kazi ninacho bado. Binti yangu, ambaye sasa ni mwalimu na anasoma Kifaransa vizuri kuliko baba yake, alikikuta kabatini akafikia ule mstari. Alinisomea kwa sauti: dereva alichelewa siku moja, bila sababu ya kutosha.

Akafunga kitabu. Akanitazama, mwanya ukianza kuonekana.

"Baba," alisema, "ile sababu isiyotosha, ni mimi?"

"Ni wewe," nilimwambia. "Kaa. Mama yako amekwisha kupakua chakula."